Ruta inawaka, waifai inashika, intaneti hakuna. Nisaidieni kabla ya Isha (Tudor, Mombasa)

MwanaTudor · Ijumaa, saa 10:20 jioni

Assalaam alaikum waungwana. Naandika kwa bando la simu na linakwisha, kwa hivyo mtaniwia radhi nikienda mbio.

Tangu saa nne asubuhi intaneti ya nyumbani imekufa. Ni faiba. Kuna kisanduku cheupe kidogo ukutani kinachopokea ule uzi kutoka nje, halafu kebo fupi inatoka hapo inaingia kwenye ruta nyeusi yenye antena mbili. Stima ipo. Ruta inawaka. Simu inashika waifai, mistari yote imejaa, lakini chini yake pameandikwa kwamba hakuna intaneti.

Nimezima na kuwasha mara tatu. Nimepigia kampuni, nikachezewa muziki dakika 40 mpaka nikaujua wimbo wote, kisha ikakata. Halafu mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, akachukua pini ya mtandio wa mamake akaidunga ruta kwenye kale katundu ka nyuma mpaka taa zote zikazimika, zikarudi. Anasema ndivyo walivyofanya kwa rafiki yake Mikindani ikapona. Kwetu haikupona, tena sasa hata jina la waifai limebadilika, limekuwa herufi na namba za kiwandani.

Haraka yangu ni hii: kila Ijumaa baada ya Isha mama huzungumza na dadangu aliye Maskati kwa video. Mama hataki kusikia habari za mtandao. Kwake yeye mtandao ni mimi.

Kaskazi_Kusi · saa 10:26

Umelipa?

MwanaTudor · saa 10:28

Nshalipa tangu tarehe 1. Ujumbe wa M-Pesa huu hapa kwenye simu.

Kaskazi_Kusi · saa 10:31

Ujumbe kuwepo si hoja. Tazama namba ya akaunti ndani ya huo ujumbe. Mimi mwaka jana nilimlipia mtu nisiyemjua mwezi mzima kwa kukosea tarakimu moja. Alistarehe maskini, wala sikupata hata shukrani.

MwanaTudor · saa 10:33

Nimetazama tarakimu moja moja. Ni yangu.

ResetiTuu · saa 10:35

Huyo kijana hakudunga vya kutosha. Shika pini sekunde 30 kamili, usiachie. Dawa ya moto ni moto.

FundiWaNguzo · saa 10:41

MwanaTudor ndugu yangu, iweke hiyo pini mbali, irudi kwenye mtandio. Nimevuta faiba Kisauni, Bamburi na Nyali miaka sita sasa, na nusu ya siku zangu naenda kutengeneza walichoharibu watu kwa pini, si kilichoharibika chenyewe.

Kwanza tuelewane. Waifai ni mazungumzo ya simu yako na ruta, humo humo ndani. Intaneti ni mazungumzo ya ruta na huko nje. Mistari ya waifai ikijaa inakwambia umefika kivukoni Likoni, haikwambii feri ipo. Kwa hivyo achana na simu kabisa, na hiyo ruta nyeusi iache kwanza. Nenda kwenye kile kisanduku cheupe. Kina taa nne au tano. Nisomee ya PON ikoje, na ya LOS ikoje. Rangi gani, inawaka tu au inapepesa.

Bahari_Chumvi · saa 10:44

Mnamsumbua bure. Hizi ni nyaya za baharini zimekatika tena. Mnakumbuka Mei 2024?

FundiWaNguzo · saa 10:52

Nakumbuka sana, ilikuwa Jumapili tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili, Seacom na EASSy, zilikatika huko upande wa Afrika Kusini na Afrika Mashariki yote ikalemaa. Lakini siku ile ungekitazama kisanduku chako ungeona PON kijani kama kawaida. Kisanduku hakizungumzi na Afrika Kusini. Kinazungumza na kituo cha kampuni hapa hapa mjini. Baharini kukikatika, unachoona ni kurasa kukokota, hii inafunguka, ile haifunguki, na jirani yako wa kampuni nyingine naye analia.

Ndiyo maana naulizia taa. Taa itatuambia kama ugonjwa uko kati ya nyumba yake na kituo, au ng'ambo huko.

MwanaTudor · saa 10:58

Fundi, LOS inapepesa NYEKUNDU. PON imezimika kabisa.

FundiWaNguzo · saa 11:01

Basi ndiyo hiyo. LOS nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku. Hapo hata ungeidunga ruta pini ishirini, ruta haina kosa wala haina habari.

Sasa nipe jibu la kweli: nini kimesogezwa nyumbani leo asubuhi?

MwanaTudor · saa 11:03

Hakuna.

MwanaTudor · saa 11:09

Samahani. Nimeuliza. Saa nne asubuhi mke wangu na mpwa walisogeza friji kufagia nyuma yake. Uzi wa faiba unapita hapo hapo, chini ya dirisha.

Bi_Kibokoni · saa 11:10

Hahaha! Friji!

FundiWaNguzo · saa 11:20

Taratibu, usikimbilie kuvuta. Ule uzi ukiuvua ngozi, ndani ni kioo chenye unene wa mikromita 125, na njia yenyewe inayopita mwanga katikati yake ni kama mikromita 9. Ukiukunja sana, mwanga unatoka pembeni badala ya kwenda mbele. Na si lazima ukatike. Wakati mwingi umebanwa tu, ukiachiwa unarudi.

Lisogeze friji mbele kwa kulinyanyua, usiliburute. Ukiuona uzi, uachie ulegee wenyewe. Uliozidi uviringe mduara mpana kama mdomo wa kikombe cha chai, usiupunguze zaidi ya hapo. Halafu tazama pale unapoingia kwenye kisanduku, kuna kichwa cha plastiki, mara nyingi cha kijani. Kisukume mpaka usikie kimebana. Ukikichomoa, USITAZAME ndani ya uzi. Mwanga wake jicho haliuoni, lakini unaliingia. Wala usipulize, wala usikifute kwa ncha ya kanga. Pumzi ina mate, kanga ina vumbi, na vumbi dogo tu kwenye kile kichwa ni kama pazia.

Ukiona uzi umevunjika kwa macho, una pembe kama karatasi iliyokunjwa, hapo acha. Hiyo haiungwi kwa gundi wala selotepu, inataka mashine ya kuunguza kioo kwa kioo.

Chumvi_ya_Pwani · saa 11:24

Fundi, mimi kwangu Bamburi, karibu na ufuo, nimeambiwa faiba imeliwa na chumvi. Kweli au natapeliwa?

FundiWaNguzo · saa 11:30

Kioo hakiliwi na chumvi. Kinacholiwa ni vyuma: plagi ya adapta, meno ya shaba kwenye kebo ya ruta, skrubu za sanduku la nje. Kaskazi ikivuma ile hewa ya bahari inaingia mpaka kabatini. Chomoa kebo ya ruta uangalie yale meno manane madogo. Ukiyaona yana ukijani, badilisha kebo, ni pesa kidogo. Aliyekuuzia faiba mpya kwa sababu ya chumvi, muulize akuonyeshe hicho kioo kilicholiwa.

Bi_Kibokoni · saa 11:33

Na mimi niulize wakati mwenzetu anabeba friji. Yangu kila stima ikipotea na kurudi, ruta inawaka dakika moja, inazima, inawaka, inazima, kama taa ya disko. Nimeibadilisha ruta nzima na bado. Ile adapta niliibakisha ya zamani kwa sababu ilikuwa nzima.

FundiWaNguzo · saa 11:38

Bi Kibokoni, hiyo adapta ndiyo mgonjwa, dada yangu. Stima ikirudi kwa kishindo, ya kwanza kuumia ni adapta. Inabaki inawaka lakini haina nguvu, ruta ikianza kazi inaishiwa pumzi, inaanguka, inajaribu tena. Geuza ruta usome inataka volti ngapi na ampea ngapi, kisha usome kwenye adapta. Volti lazima zilingane sawasawa. Ampea zikizidi si neno, zikipungua ni balaa. Usitazame tundu kuingia, kwa sababu ya 9V na ya 12V zinaweza kuwa na tundu moja.

Bi_Kibokoni · saa 11:45

Ruta imeandikwa 12V 1.5A. Adapta 12V 0.5A. Subhanallah, nilikuwa namlisha mtu mzima chakula cha mtoto.

MwanaTudor · saa 11:52

TUMEPATA! Mguu wa nyuma wa friji ulikuwa umekaa juu ya uzi. Tumelinyanyua watu watatu. Uzi umeacha alama lakini haujakatika. Nimehesabu kama sekunde ishirini, LOS ikazima, PON ikapepesa, sasa imetulia kijani.

Lakini intaneti BADO HAKUNA. Taa ya ruta nyeusi, ile yenye picha ya dunia, ni ya rangi ya machungwa. Mama keshauliza mara mbili.

ResetiTuu · saa 11:53

Sasa ndiyo udunge pini.

FundiWaNguzo · saa 11:59

ResetiTuu, nakuheshimu lakini wewe ndiye unayenipa kazi.

MwanaTudor, ulikuwa na ugonjwa mmoja, mkaongeza wa pili. Wa kwanza friji. Wa pili pini. Ruta nyingi za faiba hubisha hodi kwa kampuni kwa jina na paswadi, njia hiyo inaitwa PPPoE. Fundi aliyekuja kukufungia siku ya kwanza aliiandika humo ndani, na wewe hukujua kwa sababu hukuwahi kuulizwa. Kijana alipodunga pini, ruta ikasahau kila kitu: jina la waifai, paswadi, na lile jina la kubishia hodi. Sasa imesimama mlangoni haijui inaitwa nani.

Nitazamie vitu viwili. Kwanza, ile kebo kutoka kisanduku cheupe imeingia tundu gani la ruta? Ruta nyingi zina tundu moja la rangi tofauti, limeandikwa WAN au lina picha ya dunia, mara nyingi buluu. Mengine ni ya kompyuta. Pili, ule mkataba wa siku ya kwanza uko wapi?

MwanaTudor · saa 12:06

Kebo ilikuwa kwenye tundu la manjano. Mpwa anasema "yote ni sawa tu, ami". Nimeirudisha kwenye buluu.

Mkataba natafuta.

Likoni_Ng'ambo · saa 12:08

Mimi natumia ile ya laini ya simu, haina waya wowote. Nayo inashika waifai haina intaneti. Ni mambo haya haya ya PPPoE?

FundiWaNguzo · saa 12:12

Hapana, yako haibishi hodi hivyo. Toa laini uitie kwenye simu ya kawaida, uone kama ina bando na kama inafungua kurasa. Ikifungua kwenye simu, basi tatizo ni APN, ule mpangilio unaoielekeza laini njia ya intaneti, ndani ya kile kiruta, ulize kampuni wakutumie. Isipofungua, bando limekwisha au laini imefungwa. Na uiweke dirishani inapotazama mnara, si chini ya runinga.

MwanaTudor · saa 12:24

Mkataba umepatikana. Ulikuwa ndani ya bati la biskuti la mama, chini ya vyeti vya kuzaliwa na risiti za ada za mwaka 1998. Mama anasema "nilijua siku moja mtautafuta". Kuna jina refu na paswadi, imeandikwa kwa kalamu.

FundiWaNguzo · saa 12:33

Mungu amuweke mama. Wengine hapa mkataba wao umefungiwa karanga.

Fanya hivi. Simu au laptopu ishike waifai ya ruta, hilo jina la kiwandani, paswadi yake iko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Zima data ya simu, la sivyo itakimbilia huko. Fungua kivinjari, pale juu unapoandikia anwani ya tovuti uandike namba iliyo kwenye hiyo karatasi. Huwa ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Itakutaka paswadi ya kuingilia, nayo iko hapo hapo au itakwambia utunge mpya. Ingia palipoandikwa Internet au WAN. Aina ya muunganisho utakuta imewekwa ya kujichukulia yenyewe, ibadilishe iwe PPPoE. Andika jina na paswadi kama zilivyo kwenye mkataba, herufi kubwa iwe kubwa, ndogo iwe ndogo. Hifadhi. Ngoja dakika moja, usiguse kitu.

MwanaTudor · saa 12:47

Imekataa. Inasema uthibitisho umeshindikana.

Kaskazi_Kusi · saa 12:48

Kalamu ya fundi hiyo. Tazama kama kuna sifuri inayofanana na herufi O, au moja inayofanana na l.

MwanaTudor · saa 12:55

Kuna kiduara kimoja katikati. Nilikisoma O. Nimekibadilisha kuwa sifuri.

.

.

IMEINGIA! Taa ya dunia imekuwa kijani! Sasa ina anwani, mwanzo ilikuwa imeandika 0.0.0.0. Kaskazi_Kusi, wallahi soda yako iko kwangu.

FundiWaNguzo · saa 1:02 usiku

Alhamdulillah. Bado jambo moja kabla hujaondoka humo ndani, na wengi hulisahau kisha wanalalamika runinga haishiki. Nenda kwenye waifai, uandike jina LILE LILE la zamani na paswadi ILE ILE ya zamani, herufi kwa herufi. Vifaa vyote vya nyumbani vinatambua jina na paswadi, havitambui ruta. Ukirudisha vile vile vitajiunga vyenyewe, hutahangaika na runinga, na simu ya mama, na ya jirani uliyempa kwa siri.

MwanaTudor · saa 1:06

Umejuaje habari ya jirani?

Bi_Kibokoni · saa 1:08

Kila mtu ana huyo jirani. Fundi, la mwisho nisikuchoshe. Nyumba yetu ni ya kizamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama nusu mita. Ruta iko ukumbini. Chumba cha ndani simu inaona waifai lakini hakuna kinachofunguka. Ni PPPoE?

FundiWaNguzo · saa 1:15

Hapana, hiyo ni nyumba yenyewe, waliijenga kuzuia joto na ikazuia mpaka waifai. Ruta ikiwa na majina mawili, moja la 5G na moja la kawaida, chumba cha ndani tumia la kawaida. Lile la 5G lina kasi lakini ukuta ule linauogopa. Likikataa pia, vuta kebo ya ruta kupitia juu ya mlango mpaka uani, uweke kiruta cha pili huko. Viongeza waifai vya kuchomeka ukutani sikushauri kwa nyumba za Mji wa Kale. Vinaongeza jina, intaneti haiongezeki.

Kijana_Mtopanga · saa 1:19

Na mimi nimeingia mwisho. Yangu taa zote kijani, lakini hakuna tovuti inayofunguka. Nimejaribu kuping 8.8.8.8, yaani kuiita kwa namba nione kama itaitika, kutoka kwenye laptopu na inajibu.

FundiWaNguzo · saa 1:22

Ikijibu namba na haifungui majina, basi ni DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Feri ipo, aliyepotea ni anayekwambia Shelly Beach iko wapi. Ingia kwenye ruta, pahali pa DNS uandike 8.8.8.8 na 1.1.1.1, hifadhi, washa upya. Na ukiona laptopu imejipa anwani inayoanza na 169.254, hiyo ni nyingine, hapo laptopu hata na ruta hazijaelewana. Chomoa kebo uichomeke upya, au usahau waifai ujiunge tena.

Sasa naenda kuswali. Mniachie simu ipumue.

MwanaTudor · Jumamosi, saa 3:10 asubuhi

Nimerudi na majibu. Fundi aliniambia pembeni nichomeke laptopu moja kwa moja kwenye kisanduku cheupe nisome nguvu ya mwanga. Imeandika -25 dBm.

FundiWaNguzo · saa 3:40

Inafanya kazi, lakini uko pembezoni. Kisanduku cha kawaida huanza kuyumba kikikaribia -27 au -28, na kila ukishuka 3 umepoteza nusu ya mwanga. Ile alama ya mguu wa friji bado inavuja. Wapigie kampuni wabadilishe kipande cha kutoka dirishani mpaka kisandukuni. Uwatajie hiyo namba, -25, usiwaambie "mtandao uko chini". Ukitaja namba hawakuwekei muziki.

MwanaTudor · saa 3:52

Nimepiga, nikataja namba. Muziki dakika nne tu. Wanakuja Jumatatu.

ResetiTuu · saa 3:55

Na mama aliongea na Maskati?

MwanaTudor · saa 4:01

Aliongea, saa nzima na dakika kumi. Mpaka Jumatatu friji tumeliacha pale pale tulipolinyanyua, hakuna anayethubutu kulirudisha. Dadangu alipotokea kwenye video, kabla hata ya salamu, akauliza: "Mama, mbona friji liko katikati ya sebule?"